GARI ZIMA AU SEHEMU YA GARI?

Hotuba juu ya usafirishaji wa mazao, iliyosomwa na Katibu wa Chama cha Msingi, Mbesa, mbele ya wajumbe wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Kamati ya sherehe imeniamuru niseme machache juu ya safari ya mazao yetu, tangu yanapotoka katika ghala la kijiji mpaka yanapopokewa ghala kuu, na tangu hapo mpaka bandarini. Nadhani sikuchaguliwa kwa sababu najua kuliko makatibu wenzangu. Nimechaguliwa kwa kuwa nimekosa kuliko wao, na makosa yangu yamo katika vitabu vya hesabu ambavyo wengi wenu mmekwisha kuvisoma.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu nilisimama mbele ya mkutano mkuu nikasoma makato, moja baada ya moja. Nilipofika kwenye fungu la usafirishaji, ambuje mmoja, mzee wa mikorosho mingi na maneno machache, aliinua fimbo yake akaniuliza, "Mjukuu wangu, fedha ya kubeba korosho nimeielewa. Sasa niambie, fedha ya kubeba upepo nimelipa kwa amri ya nani?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa na haki. Gari tulilolikodi mwezi ule lilitoka Mbesa likiwa na nafasi tupu, na nafasi ile tupu tuliilipia kama kwamba imejaa korosho.

Nitawaeleza jambo lenyewe lilivyokuwa, lakini kwanza niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwani shida ya kubeba mizigo katika nchi yetu hii ya kusini haikuanza na sisi.

Babu zetu Wayao walikuwa mabingwa wa safari. Walikwenda baina ya Ziwa Nyasa na Kilwa kwa miguu, wakichukua pembe za ndovu na tumbaku, na kwa aibu ya zama zile wakipeleka pia watu waliofungwa. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Hesabuni basi: lori moja kubwa la siku hizi, lenye tani 32 mgongoni, limebeba kazi ya wapagazi elfu moja. Kiongozi wa msafara alijua kwamba mpagazi asiye na mzigo hula posho sawa na mwenye mzigo. Hakuanza safari kabla ya mizigo kutimia.

Baadaye Waingereza walileta mpango wao mkubwa wa karanga, mwaka 1947, wakafyeka misitu ya Nachingwea. Kwa ajili ya karanga hizo wakajenga reli ya Kusini, wakafungua bandari ya kina kirefu pale Mtwara mwaka 1954. Lakini karanga zilikwisha kushindwa kabla hata bandari haijafunguliwa. Reli ilibaki na njia nzuri, mabehewa mazuri, na mzigo haba. Ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Mimi huitaja reli ile kila ninapozungumza na makatibu vijana, kwa sababu haikufa kwa ubovu wa injini. Ilikufa kwa kukosa cha kubeba.

Tangu hapo kusini yetu imekuwa nchi ya malori. Na malori nayo yalipata taabu. Wazee wakumbuka jinsi safari ya Tunduru wakati wa masika ilivyokuwa jambo la kuandikia wosia. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na katika miaka ya 2010 na kuendelea lami ilitandazwa kutoka Mangaka kuja Tunduru, na kutoka Tunduru kwenda Namtumbo na Songea. Gari kubwa sasa laweza kwenda Mtwara bila dereva kubeba jembe. Kutoka barabara kuu kuingia vijijini ndiko bado kuna vumbi na mchanga, na tope mvua zikianza. Na mvua huanza hasa wakati korosho zetu zimejaa ghalani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kuna njia mbili za kumpa mwenye gari mzigo wako. Ya kwanza ni kukodi gari zima. Hapo unalipa bei moja kwa safari, ujaze usijaze. Ya pili ni kulipa kwa kilo au kwa gunia, mzigo wako ukapandishwa pamoja na mizigo ya watu wengine. Gari zima lina faida zake, nami sitaki mtu atoke hapa akisema Katibu wa Mbesa amelipiga marufuku. Gari zima hupakiwa kwako likafungwa turubai na kutiwa lakiri, na lakiri ile haivunjwi mpaka ghala la mwisho. Hakuna kushusha na kupandisha njiani, kwa hiyo magunia hayachaniki wala hesabu haipotei. Halisubiri mwenye mahindi wa kijiji kingine. Tena korosho yako hailali jirani na pipa la mafuta ya taa au samaki wakavu. Mzigo wa kuchangia gari huenda kwa bei ndogo ukiwa mdogo, lakini huenda kwa saa ya mwenye gari, na hushikwa na mikono mingi.

Basi swali si lipi zuri. Swali ni magunia mangapi. Na hapa ndipo nilipoangukia.

Mwaka ule mwenye gari mmoja alitutaka shilingi 400,000 kwa lori zima la tani 10 kwenda ghala kuu, au shilingi 55 kwa kila kilo kama twataka kuchangia. Nauli hupanda na kushuka, wala msizichukue bei hizi kuwa za leo. Lakini njia ya kuhesabu haibadiliki. Gunia la korosho tunalihesabu kilo 80. Lori la tani 10 hubeba gunia 125. Likijaa, kilo moja imesafiri kwa shilingi 40, nayo ni nafuu kubwa kuliko 55. Mimi nikaona 40, macho yakafumba. Nikaagiza gari zima.

Gari lilipofika, ghalani mlikuwa na gunia 60 tu. Wakulima walikuwa wameahidi kuleta, lakini ahadi ya mkulima hutegemea jua la kukaushia, na siku zile jua lilikuwa limejificha. Nikamwomba dereva angoje. Akangoja siku mbili, yeye na utingo wake, kwa adabu njema kabisa, na kila usiku gari lililolala kwetu mwenyewe alituandikia shilingi 80,000. Siku ya tatu tulikuwa na gunia 78, nami nikasema liondoke.

Hebu tuhesabu pamoja. Gunia 78 ni kilo 6,240. Tulilipa 400,000 za safari na 160,000 za kulaza gari, jumla 560,000. Kila kilo ilisafiri kwa karibu shilingi 90. Lau ningalipakia kwa kuchangia, ningalilipa shilingi 343,200. Nimewatia wanachama wangu hasara ya shilingi 216,800 kwa kuvutwa na bei rahisi. Na hata gari lisingalilala, bado ningalikosea, maana 400,000 kwa kilo 6,240 ni zaidi ya shilingi 64 kwa kilo.

Kuna hesabu ambayo kila katibu apaswa kuifanya kabla ya kupiga simu, nayo haihitaji elimu kubwa. Gawanya bei ya gari zima kwa bei ya kilo moja ya kuchangia. 400,000 kwa 55 ni kilo 7,273, yaani gunia 91. Chini ya gunia 91 changia. Toka 91 kwenda juu, kodi gari zima. Mimi niliandika tarakimu hiyo kwa chaki juu ya mlango wa ghala letu, na kila nauli inapobadilika naifuta na kuandika nyingine.

Lakini sikumaliza. Juma lile lile, chama cha jirani zetu kilikuwa na gunia 47 ghalani, nacho kikazipeleka kwa kuchangia, kikalipa shilingi 206,800. Mwajua 78 na 47 ni ngapi? Ni 125. Ni lori moja, limejaa, halina nafasi ya kutia hata kuku. Vyama viwili vilivyo karibu hivi, makatibu wake wakisalimiana kila siku ya gulio, vimelipa jumla ya shilingi 766,800 kwa kazi ya shilingi 400,000. Nilipokwenda kumwuliza katibu mwenzangu kwa nini hakuniambia, akanijibu, "Nawe mbona hukuniuliza?" Tukanyamaza wote wawili.

Ndugu Mwenyekiti, hili ndilo ninalotaka Chama Kikuu kilitazame katika mwaka huu wa kumi. Kila chama cha msingi hukodi peke yake, na kila kimoja hulipa upepo wake. Najua sababu. Si uvivu, ni kutoaminiana. Chama chenye korosho safi, iliyokaushwa vema, huogopa isije ikachanganywa na korosho ya jirani yenye unyevu, daraja likashuka, na mkulima aliyetoka jasho akalipwa sawa na mvivu. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Ni hofu ya mtu anayelinda mali yake, wala siwezi kuiondoa kwa kuhubiri umoja. Yaondolewa kwa mambo ya mkono. Kila gunia litiwe alama ya chama chake kwa rangi, pande mbili. Kila chama kiwe na hati yake ya mzigo, hata kama gari ni moja. Patandazwe turubai baina ya sehemu na sehemu ndani ya gari. Na anayepakia wa mwisho ashushe wa kwanza, ili mizani ya ghala kuu ipime mzigo wa kila chama kwa zamu yake na stakabadhi itoke kwa jina lake. Tulifanya hivi na jirani zetu msimu uliofuata. Palitokea ugomvi mmoja tu, juu ya gunia lililofutika alama, nao ulikwisha kwa vyama viwili kugawana bei yake. Mwenye gari naye alidai nyongeza kidogo kwa kusimama mahali pawili; tukampa, kwa maana hata pamoja na nyongeza hiyo hatukufika shilingi 43 kwa kilo.

Sasa nigeuke upande wa pili, yaani kujaza kupita kiasi. Katibu aliyeumwa na nafasi tupu aghalabu hukimbilia kosa hili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyotungwa mwaka 2013, na ambayo hapa Tanzania ilianza kutumika kwa nguvu mwaka 2019, haitazami uzito wa jumla peke yake. Yatazama uzito wa kila ekseli. Ekseli ya mbele ya usukani hairuhusiwi kupita tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana, tani 18. Tatu, tani 24. Na gari lolote, hata liwe na ekseli saba, halipiti tani 56.

Chukueni semitrela tunayoiona sana barabarani: ekseli ya usukani, mbili chini ya kichwa, tatu chini ya tela. 8 na 18 na 24 ni tani 50. Kama gari lenyewe likiwa tupu lina tani 18, basi mzigo halali ni tani 32, na mtu atasema haraka kwamba hizo ni gunia 400 za kilo 80. Nami nasema, na gunia lenyewe je? Gunia tupu la katani au juti lina uzito wa kilo moja hivi. Gunia 400 ni kilo 400 ambazo hakuna aliyezihesabu, na mizani ya barabarani haijui kwamba wewe ulizisahau. Pakia 395. Kilo 81 mara 395 ni kilo 31,995, na gari linapita.

Kuhusu mpango wa magunia juu ya gari, nimejifunza nilipokwenda Mtwara kuchukua salfa ya kupulizia mikorosho. Lori lilikuwa la ekseli mbili, salfa ilikuwa mifuko 400 ya kilo 25, yaani tani 10 kamili, na uzito wa jumla haukuwa na kasoro. Lakini vijana wa kupakia walianzia mlangoni kwa kuwa ndiko karibu, wakarundika nyuma, mbele wakaacha uwazi. Tulipofika kwenye mizani, ekseli ya nyuma ilikuwa imepita tani zake 10, ingawa ya mbele ilikuwa na nafasi. Hatukuruhusiwa kuendelea mpaka mzigo upangwe upya. Nilivua shati, nikapanda juu pamoja na utingo, tukahamisha mifuko usiku kwa taa ya simu, na vumbi la salfa mwalijua linavyofanya macho. Tangu siku ile sikubali mpakiaji aanze bila mimi kuwapo. Mzigo mzito uanze mbele, usawazishwe kushoto na kulia, uje nyuma kwa kipimo.

Yafaa pia mjue kwamba kuna mzigo unaojaza gari kwa uzito na mzigo unaojaza gari kwa ukubwa. Salfa hufikisha tani zake wakati bodi bado ina nafasi. Magunia matupu, yale tunayoyagawa kabla ya msimu, hufika juu ya bodi wakati tani bado. Mtu mwenye akili atasema, basi changanya viwili, chini salfa na juu magunia. Kwa hesabu yu sawa. Kwa pua yangu, hapana. Gunia litakalobeba chakula cha watu silipendi lilale juu ya dawa ya shambani, hata kama gari litakwenda nusu.

Lililo bora ni kulitafutia gari mzigo wa kurudi. Mwenye gari anayejua kwamba atarudi Mtwara mtupu hukutoza wewe safari mbili kwa jina la moja. Hili hasemi, lakini limo ndani ya bei yake. Salfa hupanda kuja kwetu katikati ya mwaka. Wakati huo korosho hakuna, lakini ufuta upo, na nyuma yake zinafuata mbaazi. Chama Kikuu kikimwambia mwenye gari, "Leta salfa, nasi siku hiyo hiyo tuna ufuta wa kukupakia," bei ya kuja itashuka. Mimi nimejaribu kwa gari moja moja, na mara nyingine imefaulu, mara nyingine ufuta ulikuwa bado haujauzwa mnadani na gari likaondoka tupu. Chama kimoja peke yake hakiwezi kulingamanisha tarehe hizo. Chama Kikuu, kijuacho siku za mnada na siku za pembejeo, chaweza.

Juu ya mapatano nitasema kwa ufupi. Yaandikwe. Karatasi itaje kwamba ni gari zima, ili dereva asikute mtu wa simenti njiani akampandisha juu ya mali yenu. Itaje saa za bure za kupakia na kushusha, na bei ya kulaza gari baada ya hapo. Itaje nani analipa wachukuzi, na nani anabeba faini kama uzito ukipita. Na tafadhalini, msidanganyike na bima ya gari. Bima ile ndogo ya lazima ni kwa madhara ambayo gari laweza kuwatia watu wengine barabarani. Korosho yako ikitumbukia mtoni haikutajwa humo. Mzigo una bima yake, huulizwa kando na hulipiwa kando.

Wengi mwakumbuka Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, daraja la kwanza kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia vijijini. Nilikuwa kijana nikiandika gunia ghalani. Nilichokitazama siku zile ni jinsi ofisa alivyouliza swali moja kabla ya kuleta gari: zimo gunia ngapi, zilizokwisha kupimwa, zilizokwisha kushonwa? Hakuuliza tunatarajia ngapi. Ningalilishika swali lile wakati ule, ambuje asingaliinua fimbo yake.

Basi nimeleta daftari. Lina safu tatu tu: jina la chama, idadi ya gunia zilizokwisha kushonwa, na siku ziliposhonwa. Chama Kikuu kikikubali, kila katibu atapiga simu jioni ya Jumatatu na jioni ya Alhamisi katika msimu wote, atoe tarakimu yake, na mtu mmoja ofisini ataunganisha vyama vilivyo njia moja mpaka lori litimie. Chama kitakachokuwa na gunia za kutosha kujaza gari lake hakina haja ya kungoja wengine. Mbesa na jirani zetu tumekwisha jiandikisha katika ukurasa wa kwanza. Nimeliweka daftari mezani, karibu na mlango, pamoja na kalamu.